Kaa Lililokwisha Kusema

Mama anayeniuzia mkaa hapa Kimaka haamini macho yake mpaka asikie. Huchukua kaa moja kutoka mdomo wa gunia, akaliinua usawa wa kiuno, akaliachia kwenye saruji ya kibaraza. Likilia kama kigae cha chungu, huliokota na kunipa. Likianguka kwa kishindo kizito, kama ubao uliolowa, hulitupa kwenye kirundo cha pembeni, cha watu wa bei nafuu. Kisha huvunja jingine nione ndani linavyong'aa. "Huu ni wa mti mgumu, mwanangu," huniambia. "Mwembe haulii hivi." Mkaa wa mwembe huwaka upesi na kuisha maharage yangali magumu, na hakuna mpishi wa mji huu asiyelijua hilo.

Kwenye kibaraza hichohicho kuna mifuko ya aina ya pili. Ndani yake mna vibonge vya duara, ukikiona kimoja umeviona vyote. Sisi tunaviita briketi; Watanzania husema mkaa mbadala. Hivyo mama haviangushi chini. Anasema huwezi kuvijua mpaka uviwashe.

Kwa mtu wa kuchemsha chai, tofauti ya mifuko hii miwili ni ya bei na ya majivu. Kwa anayebanika nyama kwa moshi usiku kucha, ni swali asiloweza kuliacha dukani. Mimi nimekaa nalo miaka sita, na limenifikisha mbali kuliko nilivyotarajia, mpaka jikoni kwa bibi yangu, kwenye milima ya juu ya Mbale.

Nimekulia kambini. Jinja ni mji wa jeshi tangu enzi za King's African Rifles, na Kimaka ndipo kilipo chuo cha makamanda wa ngazi ya juu wa UPDF, jeshi la Uganda, karibu na uwanja mdogo wa ndege ambao watoto wa mtaa wanaujua kuliko wanavyozijua ndege zenyewe. Kiswahili chetu kimetoka kwenye safu za nyumba za askari, ambako Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mgisu walihitaji lugha moja ya kuazimana chumvi. Na moto pia. Nilikuwa nikitumwa kwa jirani na koleo mkononi: "Shikamoo mama, mama anaomba kaa." Unarudi mbio, kaa limeshikwa mbali na nguo, unalipulizia njiani lisife. Nadhani kuyaangalia makaa kwa karibu nilijifunza hapo, kabla sijajua kwamba kuna cha kujifunza.

Pipa langu ni la mafuta, la lita 200, nililolichoma kwanza kwa kuni mpaka rangi na harufu vikatoka. Chini nimetoboa matundu manne ya hewa ninayoyaziba kwa vipande vya bati; juu kuna wavu na kifuniko. Kidari cha ng'ombe cha kilo nne, kilichopakwa chumvi tangu jana yake, huhitaji saa nane hadi kumi kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130. Huu si moto wa muchomo, nyama choma yetu ya barabarani. Kwenye barabara ya Kampala, pale Namawojjolo, kuku huiva mbele ya macho ya abiria, na mkaa wowote wenye nguvu unafaa. Kidari ni kazi ya subira. Ndani yake kikifika kama nyuzi 70, nyama huanza kutoka jasho, na jasho hilo huipoza kwa kasi ileile ambayo moto unaipasha. Kipimajoto husimama hapohapo saa mbili, saa tatu. Ndipo mkono unapowasha, unataka kuongeza mkaa, na mkaa wa gunia hukurahisishia kukosea. Kaa hili ni kama ngumi, lile ni kama kidole, na chini kuna chenga zinazoziba njia ya hewa. Joto hupanda hadi 160, kisha hushuka hadi 90 wakati umesinzia.

Briketi hazina hila hiyo. Huzipanga mstari mmoja kuuzunguka ukuta wa pipa, kama nyoka aliyelala, ukawasha kichwani tu. Moto hutambaa kutoka kibonge hadi kibonge, na kwa kuwa vyote vina ukubwa mmoja na nafasi kati yao ni moja, unaweza karibu kuitabiri saa utakapofika mkiani. Nimewahi kulala saa nne mfululizo na kuikuta nyuzi 120 ikinisubiri.

Hata hivyo, kwa miaka mitatu ya kwanza nilishikilia gunia kwa ajili ya ladha. Niliamini mti mgumu unaacha kitu kwenye nyama, kitu ambacho vumbi lililobanwa kwa uji haliwezi kukitoa. Niliwaambia hivyo wageni wangu, nao wakala wakakubali.

Aliyenitikisa ni shangazi yangu aliyeolewa Mombasa, na hatukuwa tukizungumza habari za nyama. Ilikuwa jioni ya harusi, na alikuwa akitayarisha chetezo. Mkaa wake ulikuwa wa vifuu, akaliweka kaa moja jekundu, akaketi. Nikanyoosha mkono kutia udi. Akanishika. "Subiri, mwanangu. Bado linasema." Nikatazama: kwenye ukingo wa kaa palikuwa na ulimi mdogo wa buluu, na ukisogeza pua ulisikia harufu chachu, kama ya nazi iliyoungua. Tukakaa. Ulimi ukafa, jivu la kijivu likalifunika kaa lote kama ngozi nyembamba, na lile joto lake likawa halina harufu yoyote. "Sasa limekwisha kusema," akanambia, akaweka kipande cha udi kisichozidi ukucha. Chumba kikajaa.

Nilirudi Kimaka nikiwa na neno hilo kichwani, nikaanza kusoma habari za mkaa kwa makini ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Mkaa ni mti uliopashwa moto ukanyimwa hewa. Kwenye tanuru la udongo, magogo hufunikwa kwa majani na kufukiwa, hutiwa moto kwa mdomo mmoja, kisha huachwa yafuke siku kadhaa huku mchomaji akilizunguka usiku na mchana kuziba nyufa. Maji hutoka kwanza. Joto likifika kama nyuzi 280, mti huanza kujivunja wenyewe na kutoa joto lake mwenyewe. Hapo hutoka lami, hutoka siki ya kuni, na hutoka yale manukato ya lignini, kile kigandishi kinachoupa mti ugumu wake. Wakemia wanayaita gwayakoli na siringoli, na hayo ndiyo hasa yanayotufanya tuonje nyama na kusema hii imepita moshini. Yote huondoka na moshi wa tanuru. Kinachobaki ni kaboni na jivu kidogo, na alama za pete za mti ambazo bado unaweza kuzihesabu kwa kucha.

Kwa hiyo ladha niliyoisifia miaka mitatu haikuwa ya mti mgumu. Kwenye gunia hukosi vizinga, vipande visivyoiva vizuri, na hivyo hufuka. Na mafuta yakidondokea kaa jekundu hutoa moshi wake. Lakini mkaa ulioiva, uwe wa mti wa miaka mia au wa magunzi ya mahindi, unapofunikwa na jivu hautoi ila joto. Ulikwisha kusema zamani, na uliyasema mbali na pipa langu.

Uliyasema wapi? Sehemu kubwa ya mkaa wa miji yetu inatoka kaskazini. Huko Acholi, vita vya miaka mingi viliwaondoa watu mashambani na kuwaweka kambini, na ardhi ikapumzika kwa namna ya huzuni, miti ikakua bila mkulima. Watu waliporudi, msumeno ulifuata karibu nyuma yao. Mti unaonikereketa zaidi ni yaa, ule ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta na wanawake wa huko, mafuta ya kupikia, ya kupaka mtoto mchanga. Yaa huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mbao zake ni nzito, na mkaa wake unalia vizuri sana kwenye saruji. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi. Malori hayajakoma. Na mimi nikilishika kaa mkononi sina namna ya kulihoji, kwa maana yaa na mgunga wa kawaida, vikishapita tanuruni, vina sura moja.

Kuna pia hesabu ya uzito. Tanuru la udongo linalosimamiwa na mtu hodari hutoa kilo moja ya mkaa kwa kilo tano au sita za kuni. Likizembewa, kwa kilo kumi. Gunia la kilo 60 basi ni kuni kilo 300 mikononi mwa fundi, na kilo 600 mikononi mwa mwenye haraka. Hizo nyingine zimepanda angani, pamoja na yale manukato ambayo kwa kidari kimoja tunahitaji kiasi cha kiganja tu. Siku nilipoifanya hesabu hii nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba muda mrefu. Nilikuwa nimenunua joto tu, kwa bei ya msitu, nikidhani nimenunua harufu.

Nikisema hivi simlaumu mama wa kibaraza. Bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, liko dakika chache kwa boda kutoka mlangoni kwangu. Nyaya zake zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda Kampala na kuvuka hadi Kenya, na chini ya nyaya hizo kila kona inauza mkaa, kwa sababu sigiri inawashwa kwa shilingi za leo, ila jiko la umeme linataka fedha ya mkupuo na bili isiyotisha. Anayeuza mkaa chini ya waya wa umeme anafanya biashara palipo na haja.

Briketi nazo zina aibu zake, na lazima niziseme. Mfuko wangu wa kwanza, nilioununua kwa muuzaji wa njiani, ulikuwa na udongo mwingi kuliko mkaa. Udongo kidogo hutiwa makusudi ili moto uende polepole, lakini huu ulikuwa umetiwa kwa ajili ya mizani. Saa tisa usiku niliinua kifuniko, nikakuta vibonge vimesimama katika umbo lao kamili, vyeupe, vizuri, na ndani yao moto umezimwa na jivu lao wenyewe. Kidari kilikuwa na nyuzi 40, joto ambalo vijidudu hulipenda. Sikukiokoa. Kukitupa chakula cha kilo nne katika mtaa wenye watoto ni jambo ambalo bado linanichoma.

Tangu hapo natengeneza mwenyewe. Chini ya kila gunia, la kwangu na la majirani, hubaki chenga ambazo zamani zilimwagwa mtaroni. Nazichekecha kuondoa mchanga. Napika uji mzito wa muhogo, unga kama sehemu moja kwa kumi na tano za chenga, naukanda humo ungali moto, kisha nashindilia kwenye kipande cha bomba la maji na kusukuma kwa mpini. Kinatoka kibonge kinachong'aa kama ngozi ya kiboko. Siku nne za jua la Jinja, tano kama mawingu ya ziwani yamekaa. Weusi wake haukuachii kucha kwa siku tatu. Sharti lake ni moja: usitie kibonge ambacho hakijawashwa kwenye pipa wakati nyama iko ndani, maana uji wa muhogo unapoungua una harufu ya sufuria iliyosahauliwa. Kiwashe kando, kifunikwe na jivu, ndipo kiingie. Shangazi angelijua hilo bila kuambiwa.

Nimejaribu pia magunzi ya mahindi, na maganda ya kahawa yanayoletwa kutoka Mbale. Watu huniuliza: na miwa? Kiwanda cha sukari cha Kakira kiko hapo tu mashariki, Busoga yote imefunikwa na miwa, machicha yake si yangetosha kuwapikia wote? Machicha mengi yana mwenyewe tayari. Kiwandani huyachoma kuchemsha maji na kuzalisha umeme. Na mimi nikiisikia miwa ikitajwa kama mkombozi wa msitu, nakumbuka mwaka 2007. Mwaka huo kulikuwa na mpango wa kukata kama hekta 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu, zipandwe miwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari cha Lugazi. Watu waliandamana Kampala mwezi Aprili, wengine wakauawa, mpango ukawekwa kando. Kila nipitapo Mabira kwenda Kampala, vioo vya basi vikiingiwa na ule ubaridi wa ghafla, nawaza kwamba mkaa unaosifiwa kuwa haukukata mti unaweza kuwa umetoka kwenye shamba lililotaka kuumeza msitu mzima. Kwa hiyo kibonge nacho nakiuliza kilikotoka. Cha chenga kinanijibu vizuri zaidi, ingawa jibu lake ni la unyenyekevu: mimi ni makombo ya mti uliokwisha kukatwa.

Ikabaki habari ya moshi. Hapo ndipo nilipomrudia bibi.

Bibi yangu mzaa mama aliishi upande wa Bududa, na juu ya mafiga yake palikuwa na utaa mweusi uliong'aa kama uliopakwa lami. Juu yake kulikaa vipande vya nyama baada ya sherehe, na daima kulikuwa na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon ambayo Wagisu huyakausha kwa moshi na baadaye kuyapika kwa karanga zilizosagwa. Atakayeyala kwa mara ya kwanza hudhani anakula nyama. Hana kosa, anachokitambua ulimini ni moshi. Bibi hakuwa na mkaa. Kuni zilimpa joto na moshi kwa pamoja, na kazi yote ya maarifa ilikuwa katika umbali: malewa juu kabisa, nyama katikati, sufuria chini. Alikuwa akisogeza kizinga inchi moja ndani, inchi moja nje, hali anaongea nasi.

Alilipia. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nimjue, na kikohozi chake kilikuwa saa ya nyumba ile. Sitaki kuuremba moshi wa jikoni kwa sababu tu nyama yake ilikuwa tamu. Walau sasa tunajua kwamba vitu viwili alivyokuwa navyo pamoja vinaweza kutenganishwa. Huko Thiaroye, Senegal, wataalamu wa chuo cha uvuvi pamoja na FAO walitengeneza tanuri la samaki linaloivisha kwanza kwa joto la mkaa, mafuta yakikingwa yasidondokee moto, kisha moshi huletwa mwishoni, kwa kipimo, kutoka pembeni. Sababu yao ilikuwa afya: mafuta yanayoungua na moshi mzito huacha benzopireni, na Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Nilipousoma mpangilio wao nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Kaa la kimya kwa joto, na kipande cha mti kwa maneno. Wanawake wanaobanika sangara pale Masese, samaki mwenye mafuta yanayotiririka, wanastahili tanuri la namna hiyo kabla ya mtu yeyote kuwafundisha habari za ladha.

Mti wangu ni mbuni. Wakulima wa Bugisu hukata mashina ya kahawa yaliyozeeka ili machipukizi mapya yapate nguvu, na mashina hayo, ya unene wa kifundo cha mkono, huishia kuwa kuni. Mjomba huniletea kifungu akija Jinja. Nayakausha miezi sita, nakata vipande vya urefu wa kidole, na kwa kidari kizima natumia vitatu, kimoja kichwani mwa nyoka, kimoja baada ya saa moja, kimoja baada ya saa mbili. Baada ya hapo nyama imeshika inachokihitaji, na kinachobaki ni joto na subira. Moshi wake ni mwembamba, wa buluu, na una utamu fulani ambao si wa kahawa yenyewe. Mti huo haukukatwa kwa ajili yangu, na shina lake limekwisha kuchipua.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mama wa kibaraza vibonge vitano vya chenga zake mwenyewe, zile alizokuwa akizifagia kila jioni. Akachukua kimoja, akakiinua usawa wa kiuno kama ada yake, akakiachia. Kikatoa mlio mfupi, butu, wala hakikuvunjika. Akanitazama bila kusema. Akakipachika katikati ya sigiri yake iliyokuwa ikiwaka, akavuta kigoda, tukakaa. Kwanza kikafuka kidogo, harufu ya muhogo. Kisha jivu likapanda taratibu kutoka chini, mpaka kikawa cheupe chote na kitovu chekundu. Akainama, uso karibu na moto kuliko ambavyo mimi ningethubutu, akavuta pumzi kwa pua.

"Halisemi kitu," akasema, akaweka sufuria ya chai.